Nani Aliyebandika Stika Dukani kwa Mangi?

Kwenye nondo za dirisha la duka la Mangi, mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, kuna kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kiberiti hicho hakiuzwi. Kipo kwa ajili ya wanaonunua sigara moja moja na hawana cha kuiwashia. Unalipa, unauvuta mpira hadi mdomoni, unawasha, unaachia, na kiberiti kinarudi kugonga nondo: tk. Mlio huo naanza kuusikia alfajiri, wapiga debe wakielekea kituoni, na huwa haukomi mpaka Mangi ateremshe mlango saa nne usiku. Juu kidogo ya kiberiti, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la saba, imebandikwa stika ya duara jekundu lenye namba 18 katikati, na chini yake maneno kwamba sigara haziuzwi kwa mwenye umri wa chini ya hapo.

Jumanne moja nilikuwa pale nasubiri chenji yangu ya mkate. Akaja kijana wa sekondari, shati jeupe limechomolewa, tai imesokomezwa mfuko wa nyuma wa suruali na ncha yake inaning'inia kama ulimi. Ndevu bado, hata dalili. Akaweka sarafu ya mia mbili juu ya kaunta.

"Mangi, nipe moja."

"Ya nani?"

"Ya mjomba."

Mangi alikuwa anatazama mpira kwenye simu. Mkono wake ulijua njia wenyewe: ukaingia kwenye pakiti iliyofunguliwa, ukatoa moja, ukaisukuma chini ya nondo. Kijana akaitazama stika, akaisoma kwa sauti ya kughani, neno kwa neno, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa, kisha akawageukia wenzake wawili waliokuwa wamesimama ng'ambo chini ya mwarobaini. Wakacheka wote. Mjomba hakuonekana popote. Tk.

Tangu siku ile stika hiyo imenikaa kichwani. Kuna mtu aliyekaa mezani akaichora. Kuna aliyelipia wino, karatasi na gundi. Na kijana niliyemwona aliisoma yote, tena kwa furaha, na ikamwongezea hamu. Nilitaka kujua ni nani huyo aliyelipa, na kama alipata alichokilipia.

Historia ya matangazo ya kuwazuia vijana wasianze kuvuta sigara ina kisa kimoja ambacho, kwa maoni yangu, kila mtu wa wizara ya afya, kila mwalimu wa nidhamu na kila mwenye kampuni ya matangazo hapa kwetu angepaswa kukijua. Kilitokea Florida, Marekani.

Agosti 1997 jimbo hilo lilimaliza kesi yake dhidi ya kampuni za tumbaku. Jimbo lilikuwa linadai fedha za umma zilizotumika kuwatibu wavutaji, na kampuni zikakubali kulipa dola bilioni 11.3 kwa muda wa miaka 25. Gavana wa wakati huo, Lawton Chiles, akasimamia dola milioni 200 ziende kwenye mradi wa majaribio wa kuwaepusha vijana na sigara. Sasa watu wa afya wa jimbo hilo walikuwa na fedha za kununua muda wa televisheni kama wanavyonunua wauza soda.

Kazi ya matangazo ilikwenda kwa kampuni ya Miami iitwayo Crispin Porter + Bogusky. Kabla ya kushika kamera, watu wake walikwenda kuwasikiliza vijana wenyewe, wavutaji na wasiovuta. Walichokikuta kinaweza kumkatisha tamaa mtu aliyezoea kuandika mabango ya kuonya. Vijana walikuwa wanajua kila kitu. Muulize mtoto wa miaka 14 sigara inaleta nini, atakutajia saratani ya mapafu, maradhi ya moyo, kikohozi, meno ya njano, wala hataruka kitu. Wengine waliiona hatari kubwa hata kuliko ilivyo. Na walivuta. Walivuta kwa sababu sigara ilikuwa njia rahisi na ya bei ndogo ya kuonyesha kwamba mimi si mtoto tena, siamrishwi na baba, mwalimu wala serikali. Hatari yenyewe ilikuwa sehemu ya bidhaa. Ukimwambia kijana wa namna hiyo kwamba sigara inaua, umemsifia.

Basi wakageuza swali. Kama kijana anataka kumwasi mtu, tumpe wa kumwasi. Mtu mzima anayemdanganya kwa faida yupo: anakaa ofisini ghorofani, amevaa suti, na anahesabu wavutaji wapya kama mkulima anavyohesabu miche.

Machi 1998 Gavana Chiles aliwaita vijana wa jimbo zima kwenye mkutano wao. Walikuja kwa mamia, wakapewa nafasi ya kuamua kampeni itaitwaje na itasema nini. Wakachagua jina fupi, truth, yaani ukweli, wakaanzisha na jumuiya yao ya wanafunzi wa kupambana na tumbaku. Katika matangazo hayo usingesikia "usivute". Neno hilo lilipigwa marufuku. Yaliyoonyeshwa ni vijana wenye simu na kamera wakizipigia ofisi za kampuni za sigara na za matangazo, wakiuliza maswali ya adabu kabisa ambayo mtu wa upande wa pili hakuweza kuyajibu. Ukimya ule kwenye simu ndio uliokuwa tangazo.

Ndani ya miaka miwili namba zilitikisika. Uchunguzi wa jimbo shuleni ulionyesha kuwa kati ya 1998 na 2000, wanafunzi wa madarasa ya kati waliokuwa wamevuta sigara katika siku 30 zilizotangulia walishuka kutoka asilimia 18.5 hadi 11.1. Kwa wale wa sekondari ya juu ilikuwa kutoka 27.4 hadi 22.6. Wanaofuatilia mambo haya wanajua kwamba uvutaji wa vijana hausogei hivyo kirahisi.

Wakati huo majimbo mengine 46 yalikuwa yamefikia makubaliano yao na kampuni, Novemba 1998, na kwa fedha hizo ikaundwa taasisi ya kitaifa, American Legacy Foundation. Mwaka 2000 taasisi hiyo ikaichukua truth na kuipeleka nchi nzima. Tangazo lake linalokumbukwa zaidi lilipigwa New York, mbele ya makao makuu ya Philip Morris. Lori linasimama kando ya barabara. Vijana wanaanza kushusha mifuko ya kuwekea maiti, mmoja baada ya mwingine, wanaipanga kwenye njia ya waenda kwa miguu, inajaa, wanaipandanisha. Mifuko 1,200. Kijana mmoja anashika kipaza sauti cha mkononi na kuwauliza walio ndani ya jengo kama wanajua tumbaku inaua watu wangapi kila siku. Mifuko ndiyo hesabu yenyewe, idadi ya Wamarekani kwa siku moja. Sisi ambao msiba ukipita barabarani tunazima redio ya gari tunaelewa bila kufafanuliwa: mfuko wa maiti hata ukiwa mtupu haupitwi hivi hivi.

Tangazo hilo liliwauma wenye kampuni kiasi kwamba liliondolewa hewani kwa muda baada ya malalamiko, kisha likarudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kati ya 1999 na 2002, uvutaji wa wanafunzi nchini humo uliposhuka kutoka asilimia 25.3 hadi 18, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya mteremko huo ilitokana na truth. Kwa vichwa vya watu, ni vijana wapatao 300,000 ambao vinginevyo wangekuwa wavutaji.

Sasa tuje kwa mwenye stika.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1998, Philip Morris nayo ilianzisha kampeni yake ya kuwazuia vijana. Ndiyo, kampuni ileile inayouza Marlboro. Ilitenga zaidi ya dola milioni 100, ikaweka matangazo kwenye vipindi vinavyopendwa na vijana, na kauli mbiu yake ilikuwa ya heshima tupu: "Think. Don't Smoke." Fikiri. Usivute. Ndani yake unaona vijana wazuri, wenye afya, wanakwambia kwamba huhitaji sigara ili upendeze. Neno nikotini halisikiki, wala uraibu. Hakuna anayekohoa, hakuna aliyekufa, na kampuni haionekani kama muuzaji. Inaonekana kama mzazi mwenye busara.

Watafiti wakawapima vijana walioziona kampeni zote mbili. Matokeo yalitoka mwaka 2002 katika jarida la American Journal of Public Health. Walioiona truth waliichukia tumbaku zaidi. Walioyaona matangazo ya Philip Morris walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema kwamba huenda wakavuta ndani ya mwaka unaofuata, na waliitazama kampuni kwa jicho la huruma zaidi. Mwaka huo kampuni ikayaondoa hewani. Kulikuwa pia na matangazo yake yaliyowalenga wazazi, yakiwahimiza wazungumze na watoto wao. Hayo yalichunguzwa baadaye, na utafiti wa mwaka 2006 ukakuta kwamba wanafunzi wakubwa wa sekondari kadiri walivyokutana nayo ndivyo walivyozidi kuona sigara haina madhara makubwa na kuwa na nia ya kuvuta. Ukifikiri kidogo, mantiki inajitokeza. Tangazo linamwambia mzazi amwonye mtoto, na mtoto amekaa palepale kwenye kochi anasikiliza jinsi wakubwa wanavyopanga kumchunga.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Stika ya Mangi inafanya jambo jingine kabisa: inauning'iniza wembe ukutani, inauzungushia duara jekundu, inaandika kuwa ni wa wakubwa tu. Mtoto ambaye hakuwa akiulilia ataanza.

Je, kampuni zilikosea tu, kwa nia njema? Ningependa kuamini hivyo, lakini karatasi zao zenyewe zinanizuia. Kesi za miaka ya 1990 zilizilazimisha zitoe hadharani mamilioni ya kurasa za ndani. Mojawapo, ya R.J. Reynolds ya mwaka 1984, inaeleza kwa lugha kavu ya mhasibu kwamba vijana wanaoanza utu uzima ndio chanzo pekee cha wavutaji wa kuziba pengo, na kwamba vijana wakiikataa sigara, biashara itanyauka. Pengo gani? La waliokufa na walioacha. Na ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 2012 inasema kuwa kati ya watu wazima wanaovuta kila siku, asilimia 88 walianza kuionja kufikia umri wa miaka 18. Ukiziweka karatasi hizo mbili kando kwa kando, utaona kuwa kampuni inayofanikiwa kweli kumzuia kila mtu wa chini ya miaka 18 ni kampuni inayojifukia yenyewe. Nyaraka nyingine za sekta hiyo zinaonyesha faida ya kampeni hizo ilikotafutwa: mbele ya wabunge. Mswada wa kodi au wa kupiga marufuku matangazo ukija, kampuni inaonyesha kijitabu chake cha malezi na kusema, mbona sisi tayari tunalishughulikia.

Hawa ni watu wanaojua hesabu. Mwaka 1967 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliamua kwamba kituo kinachorusha matangazo ya sigara lazima kitoe muda pia kwa ujumbe wa kuipinga. Kwa takriban miaka mitatu Wamarekani wakawa wanaona tangazo moja la kuponda kwa kila matatu hivi ya kusifia, na uvutaji ukaanza kupungua. Kampuni zilipoona hivyo, zikaacha kupigana kwa nguvu dhidi ya sheria ya kuyaondoa matangazo ya sigara redioni na kwenye televisheni. Sheria ikaanza kazi Januari 2, 1971. Ya sigara yakatoka, na ya kuipinga nayo, kwa kuwa hapakuwa na la kulijibu tena, yakafifia. Nani alipata hasara kubwa zaidi siku ile ni swali ambalo bado linajadiliwa.

Kuna kisa cha mkojo wa mbwa ambacho siwezi kukiacha, hata mhariri akinuna. Mwaka 2001 truth ilirusha tangazo la redio ambamo mtu anapiga simu ofisi za kampuni ya Lorillard. Anajitambulisha kuwa kazi yake ni kuwatembeza mbwa wa watu. Anasema amesikia kwamba ndani ya sigara kuna urea, kitu kilichomo pia kwenye mkojo, naye mkojo wa mbwa anao mwingi, je, hawataki kununua? Lorillard haikucheka. Makubaliano ya 1998 yalikuwa na kifungu kinachoikataza taasisi inayoendesha truth kuzikashifu kampuni au kuwashambulia watu binafsi, kwa hiyo jambo likaenda mahakamani. Miaka ikapita. Mahakama ya Juu ya Delaware ikajikuta na kazi ya kuamua maana ya neno kukashifu, majaji wakafungua kamusi, wakapima. Mwaka 2006 wakasema hapana, hiyo siyo kashfa. Nikiisoma hukumu ile huwa nawaza jinsi mzee wetu mmoja wa Baraza la Kiswahili angefurahi kuitwa kutoa ushahidi.

Kampeni ya Florida yenyewe haikuuawa na wakili. Iliuawa na bajeti. Chiles alifariki Desemba 1998, wabunge wakaanza kupunguza fedha mwaka uliofuata, na kufikia 2003 mradi ulibakiziwa kiasi cha dola milioni moja, fedha ambayo kwa jimbo kama lile hata mabango haitoshi. Mwaka 2006 wananchi wenyewe wakapiga kura kuingiza kwenye katiba ya jimbo kwamba kila mwaka kiasi sawa na asilimia 15 ya malipo ya kampuni ya mwaka 2005, kikirekebishwa kwa mfumuko wa bei, kitumike kuzuia tumbaku. Wapiga kura waliwaelewa vijana kuliko wabunge wao.

Nisije nikawauzia wasomaji tangazo la matangazo. Kilichoiangusha sigara kule ni vitu vingi kwa pamoja. Mara baada ya makubaliano ya 1998 kampuni zenyewe zilipandisha bei ya pakiti kwa senti 45 kwa mpigo, na kijana ambaye mfuko wake ni posho ya nyumbani ndiye wa kwanza kuachishwa na bei. Kulikuwa na kodi, na marufuku za kuvuta mahali pa kazi na migahawani. Matangazo yalipanda juu ya hayo yote. Kwa uchunguzi wa shuleni wa mwaka 2024, wanafunzi wa Marekani waliokuwa wamevuta sigara katika siku 30 zilizotangulia walikuwa asilimia 1.4. Sigara za kielektroniki zilitumiwa na asilimia 5.9, na humo utaukuta mchezo uleule: mwaka 2019 kamati ya Bunge la nchi hiyo ilielezwa jinsi kampuni ya Juul ilivyotoa fedha kwa shule na kuingia madarasani kwa jina la kuwafundisha watoto kujiepusha.

Mtu anaweza kuniuliza, basi watu wazima wanaelewa zaidi? Wathai walilijibu hilo mwaka 2012 kwa filamu fupi ya mfuko wa nchi yao wa kuendeleza afya. Mtoto mdogo, mvulana au msichana, ana sigara mkononi. Anamwendea mtu mzima anayevuta barabarani na kumwomba moto. Kamera imefichwa. Wote wanakataa. Tena hawaishii kukataa, wanahubiri: utapata saratani, utazeeka haraka, koo litatobolewa, hutaki kuishi ukacheza? Wakati wanasema hayo yote, sigara zao zinawaka vidoleni. Mtoto anasikiliza, kisha anatoa karatasi iliyokunjwa, anampa mkubwa, anaondoka. Ndani imeandikwa kwamba umenijali mimi, kwa nini hujijali wewe. Unawaona wakiisoma, na wengine wakiitazama sigara yao kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiweka pale. Maarifa walikuwa nayo toka mwanzo.

Hapa kwetu tumeng'ang'ania maarifa hayohayo. Chukua bango lolote la kampeni ya vijana, lililobandikwa kwenye ukuta wa zahanati au ofisi ya kata: pafu jeusi kushoto, pafu jekundu kulia, na juu "Vijana, epukeni". Chini nembo za wafadhili zimepangwa kwa adabu kuliko ujumbe wenyewe. Pakiti inasema uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako, sentensi tuliyoizoea hadi watoto wanaiiga kwa sauti ya mtangazaji wanapotaniana. Tanzania ilipata sheria yake ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003. Wakenya walipata yao mwaka 2007, wakaenda mbele zaidi: walipodai picha za kutisha kwenye pakiti, kampuni ya BAT ikawaburuza mahakamani ngazi baada ya ngazi, mpaka Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoitupa rufaa yake Novemba 2019. Ushindi mkubwa, na nawapongeza. Lakini rudi dirishani kwa Mangi, au nenda kibanda chochote cha Kawangware, Nairobi. Kijana wa sigara moja haishiki pakiti kabisa. Pakiti inakaa ndani, upande wa muuzaji. Picha ya koo lililooza iliyopiganiwa kwa miaka inatazamwa na mwenye kibanda peke yake, na onyo la hapa kwetu linatazamwa na Mangi peke yake, naye havuti.

Sheria ya Kenya inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya kumi, na kila mtu anajua kinachoendelea. Uuzaji wa moja moja ndio tangazo kubwa kuliko yote tuliyo nayo, na halilipiwi na mtu. Linafuta kodi, linafuta picha, linafuta onyo. Wakati sisi tunabishana kuhusu sigara, bidhaa nyingine zinaingia kwa mlango wa nyuma. Nairobi vijana walianza kubandika chini ya mdomo vifuko vya nikotini vilivyouzwa kwa jina la Lyft, vya rangi nzuri na harufu ya mnanaa, hadi Oktoba 2020 waziri wa afya Mutahi Kagwe alipoingilia kati. Vikarudi baadaye na jina jipya. Shisha tuliipiga marufuku Tanzania mwaka 2016, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2017. Anayetaka kuinusa Jumamosi usiku hahitaji ramani.

Ningepewa mimi fedha za tangazo, nisingepiga picha pafu. Ningepeleka kamera Urambo, mkoani Tabora, msimu wa mavuno. Ningempiga picha mtoto wa rika la yule wa tai mfukoni, akivuna majani mabichi ya tumbaku asubuhi na umande, nikotini ikipenya ngozini hadi anatapika kando ya tuta, bila kuwa amevuta hata pafu moja maishani. Kamera ifuate mzigo hadi kwenye bani, ionyeshe magogo ya miombo yanavyoingia motoni usiku kucha ili majani yakauke. Halafu siku ya soko: robota limewekwa mbele, mteuzi anashika jani, analigeuza, anataja daraja, na baba wa yule mtoto anasimama kimya kwa sababu bei imeshapangwa na makato ya mbolea yanamsubiri kwenye chama cha msingi. Mwisho kabisa, iletwe ile sarafu ya mia mbili juu ya kaunta ya Mbagala, na swali moja la maandishi: kati ya hii, yake ni shilingi ngapi? Sisemi usivute. Kijana wa mjini ana kiburi, na kiburi kinaumia kinapoambiwa kimetapeliwa.

Najua kwa nini tangazo hilo halitarushwa haraka. Tumbaku inaingiza fedha za kigeni, na hakuna waziri atakayependa kueleza Bungeni kwa nini mkono mmoja wa serikali unalihimiza zao ambalo mkono mwingine unalipigia kengele. Hata hivyo kuna jambo ambalo halihitaji fedha wala ujasiri mwingi. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, una Kifungu cha 13 kuhusu matangazo, na miongozo yake iliyopitishwa Durban mwaka 2008 inazitaka nchi zizuie hata ile misaada na kampeni za hisani za kampuni za tumbaku. Kwa maneno mengine, muuzaji asiruhusiwe kuwa mlezi.

Jumapili jioni nilirudi dukani. Mangi alikuwa anapanga mikate, na umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo simu yake ilikuwa imezima na alikuwa na muda wa maongezi. Nikamuuliza kuhusu pakiti iliyofunguliwa. Akasema ile inaisha kabla ya magharibi, siku za shule mapema zaidi. Nikamwonyesha stika kwa kidole.

"Hii uliibandika wewe?"

"Mimi? Nina shida gani na stika, kaka. Walikuja kubandika wenyewe. Wakaniachia na kalenda."

"Wa wizara?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua linatoka Kigamboni.

"Wale wa gari la sigara," akasema, akanyoosha mkono kwenye pakiti, maana nyuma yangu kuna mtu alikuwa ameshaanza kuuvuta mpira.